Saluni za Lubumbashi: mtu akiwaambia ngozi yake haitaki mvuke, kwa nini mnawasha mashine?

Wandugu, naandika haya nikiwa nimeshika kitambaa cha maji baridi shavuni, na hasira yangu ina zaidi ya miezi miwili sasa.

Niliwaambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliwaambia kwa WhatsApp siku mbili kabla, wakanijibu kwamba wanayo huduma ya "ngozi nyeti" kwa dola 35, wakati ile ya kawaida ni dola 20. Nilipofika nikawaambia tena. Nikiwa nimekwisha kulala, nywele zimefungwa taulo, nikawaambia mara ya tatu: nina rosasea, sifukizwi mvuke, sisuguliwi uso. Karatasi ya daktari nilikuwa nayo mkobani, imeandikwa kwa Kifaransa, rosacée, na nikaitoa. Yule dada akaisoma, akanirudishia. "Ile ni bugonjwa ya Bazungu, yaya. Weye uko na chunusi tu." (Yaya kwetu ni dada mkubwa.) Akavuta mashine ya mvuke mpaka usoni pangu, akaiwasha.

Kwa wasioujua: rosasea ni maradhi ya ngozi ya uso yanayokaa na mtu miaka, mara yanatulia, mara yanaamka. Yanashika katikati ya uso, yaani mashavu, pua, kidevu na paji. Mishipa midogo ya damu inapanuka kwa jambo dogo, uso unapata moto, unachoma, halafu vipele vinafuata. Kuna wanaoshikwa mpaka macho, wakasikia kama mchanga umeingia ndani. Mtu mweupe akiwaka, anakuwa mwekundu na kila mtu anaona. Mimi ni mweusi. Wekundu wangu hauonekani wekundu. Ni kahawia iliyokolea ikielekea zambarau, na joto ambalo mama yangu alilisikia kila alipoweka mgongo wa mkono wake shavuni mwangu. Ndiyo sababu nilitibiwa chunusi miaka mitatu. Krimu ya benzoili peroksaidi ya farmasi, sabuni ya salfa, maji ya ndimu ya shangazi. Kila kitu kilichoma, na kila mtu akaniambia dawa inayochoma ndiyo inayofanya kazi.

Daktari aliyeutambua ugonjwa alinikalisha akaniuliza. Ukipika bukari (ugali) juu ya mbabula ya makaa uso unawaka? Ukila pilipili? Ukinywa chai ya moto? Ukitembea kwenye jua la Oktoba? Kila swali jibu lilikuwa ndiyo, nikaanza kulia pale pale kwenye kiti, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu ananiuliza. Akatafuta usoni vile vidoti vyeusi vya chunusi, hakukuta hata kimoja. Akaniandikia jeli ya metronidazoli ya 0.75%, vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa, kofia, na krimu ya kukinga jua kila asubuhi hata kukiwa na mawingu. Miezi minane uso wangu ulitulia. Nilikuwa napika bila kukimbilia mlangoni kila dakika kupata upepo.

Halafu ikafika Septemba. Mnaijua Septemba yetu: mvua bado, joto linapanda, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sahani. Ngozi ilikuwa inavuta, na harusi ya mdogo wangu ilikuwa imebaki wiki mbili. Nilitaka mtu anishike uso kwa upole. Hayo tu ndiyo niliyokwenda kununua.

Mvuke ule ulikaa usoni pangu nyimbo nne za redio. Nilizihesabu. Kwenye wimbo wa pili nikasema unachoma. "Vumilia kiloko, yaya, mvuke inafungua matundu." Jamani, vitundu vya ngozi havina misuli, havifunguki na kufungika kama dirisha. Mvuke unaipasha ngozi moto, moto unapanua mishipa, na mishipa inayopanuka ndiyo ugonjwa wenyewe. Baada ya hapo gomaji, ile ya chembechembe za kokwa zilizosagwa, na vidole vyake vikazunguka mashavuni kama anasugua sufuria iliyoungua. Kisha akatoa kile kijichuma cha kukamulia. Kipele cha rosasea hakina taka iliyoziba ndani, ni uvimbe, hakuna cha kutoa. Yeye akabonyeza. Akanionyesha pamba: "Ona uchafu." Ilikuwa damu.

Maski ilikuwa na mentoli. Mentoli inakudanganya kwa ubaridi huku inawasha ngozi. Wakamalizia na losheni yenye alkoholi, nikaruka kitandani.

Najua mtaniuliza kwa nini sikuinuka mapema. Mtu umelala, macho yamefunikwa, aliyesimama juu yako anakuita yaya, umelipa tayari, nje kuna wateja wanangoja. Nimelelewa kutomwaibisha mtu kazini kwake. Sasa nasema hivi kwa dada yeyote anayesoma: inuka. Futa uso kwa maji, vaa viatu, toka.

Lakini mvuke na gomaji ningevisamehe. Ngozi ingelia wiki moja, mbili, ingetulia. Kilichonileta hapa ni kikopo.

Walipoona nimevimba, walinipaka krimu nyeupe kutoka kwenye kikopo kidogo kisicho na jina, "ya kuzima moto", wakaniuzia kikopo kizima kwa dola 5. Kesho yake asubuhi uso ulikuwa laini. Siku ya tatu ulikuwa unang'aa. Harusini watu waliniuliza ninapaka nini, na kwenye picha ninaonekana kama sijawahi kuugua. Nilikipaka wiki tatu mpaka kikaisha. Siku tano baada ya kuisha, uso ulifumuka: vipele vidogo vidogo vimezunguka mdomo na pua, mashavu yanawaka usiku kucha, ngozi haitaki hata maji. Sikuwahi kuwa hivyo hata katika ile miaka mitatu.

Nikarudi saluni. Mwenye saluni akaniambia wateja wake wote wanatumia krimu hiyo na hakuna aliyelalamika. Nikauliza ndani kuna nini. Akasema ni siri ya nyumba. Nikasema sitoki hapo mpaka nijue, nikakaa. Baada ya saa nzima wakaleta boksi la tyubu wanazochanganya na mafuta ya kawaida. Nikasoma maandishi madogo kwa tochi ya simu: clobetasol propionate 0.05%.

Wale wanaojichubua wanazijua tyubu hizo, ziko sokoni, zinauzwa kama pipi. Hiyo ni steroidi, tena ya lile kundi la nguvu kabisa. Madaktari wanaiandika kwa magonjwa kama soriasisi, kwa muda mfupi, na usoni wanaikwepa. Inabana mishipa na kuzima uvimbe, ndiyo maana unapendeza haraka. Huku ngozi inakonda. Ukiacha, mishipa inafunguka kwa kishindo na vipele vinarudi vikiwa vingi kuliko mwanzo, basi unakimbilia kununua kikopo kingine, na mwenye saluni anakuona mteja mwaminifu. Na sikilizeni hili: steroidi ikipakwa usoni muda mrefu inaweza kumletea rosasea mtu ambaye hakuwa nayo kabisa. Wale wateja wote ambao hawajalalamika, wangapi wanaungua wakifikiri ni chunusi? Mnaniambia ni ugonjwa wa Wazungu, na nyinyi ndio mnaoutengeneza kwenye kikopo cha dola 5, kwenye nyuso za mama zetu!

Daktari amenirudisha mwanzo. Krimu zote chini, jeli, vidonge, maji ya vuguvugu, subira. Mvua zimekwisha kuanza na mimi bado nalala na kitambaa hiki.

Sasa niwaambie kwamba upole upo mjini hapa. Kuna mama mmoja kule mtaa wa Katuba, anafanyia kazi chumba cha mbele nyumbani kwake, kitanda kimoja, feni moja. Sitaji jina kwa sababu sikumwomba ruhusa. Siku ya kwanza hakunigusa. Alifungua daftari akaniuliza karibu nusu saa: dawa gani napaka, dawa gani nameza, nina mimba, macho yanauma, nilipaka nini mwezi uliopita. Nilipotaja kikopo aliweka kalamu chini. Akasema, "Mwanangu, leo uso huu haushikwi. Nenda kwa daktari wako kwanza." Akapaka krimu yake kidogo nyuma ya sikio langu, akaniambia niiangalie kwa siku mbili. Hakuchukua hata faranga moja.

Nilirudi baada ya mwezi na zaidi, daktari akiwa amekubali. Alinawa mikono mbele yangu. Maziwa ya kusafishia yasiyo na povu wala harufu, kwa ncha za vidole, hakuna brashi, hakuna taulo la kukwaruza. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Akakausha kwa kugusagusa. Kisha vitambaa laini vilivyolowa maji ya baridi ya kawaida, bila barafu, kwa sababu barafu juu ya ngozi kama hii nayo inaichokoza. Maski ilikuwa uji wa oti uliosagwa laini kabisa, dakika kumi. Akapitisha mikono toka puani kuelekea masikioni na kushuka shingoni, wepesi wa mtu anayemlaza mtoto. Mafuta yenye gliserini na seramidi, halafu krimu ya jua ya zinki. Feni ikizunguka muda wote. Dakika arobaini, dola 15. Mtu angechungulia dirishani angesema mama huyu hafanyi kitu. Nilitoka pale uso una joto la kawaida la mwili, nikakaa kwenye basi nimeweka kiganja shavuni njia nzima, siamini.

Kwa hiyo mnapotafuta pa kwenda, msidanganywe na neno "nyeti" kwenye bei. Angalieni kama mtu anauliza kabla ya kugusa. Ulizeni wataacha nini: mvuke, gomaji, kukamua, pilingi ya kuambua ngozi, mentoli, kafuri, mikaratusi, manukato, alkoholi. Asiyeweza kukufanyia kazi bila vitu hivyo, hana kazi na uso wako. Kila kitu kitoke kwenye chombo chenye lebo, na lebo uisome mwenyewe. Ukiona clobetasol, betamethasone au dexamethasone, ondoka. Wala usiende siku mbili kabla ya harusi. Wala usiende uso ukiwa unawaka, hata kama anayekushika ni malaika.

Kuna na hizi taa zinazotangazwa sasa, "zinafuta mishipa kwa siku moja". Walitaka kuniuzia na mimi, dola 120. Leza ya mishipa ni tiba ya kweli, lakini mwanga hauchagui: unaofuata damu unaweza kushikwa na weusi wa ngozi kabla haujafika, ukaunguza na kuacha madoa. Kwa ngozi zetu iliyo salama zaidi ni ile ya Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, mkononi mwa daktari aliyezoea ngozi nyeusi. Zile taa za mwanga mpana wa kumulika, wanaziita IPL, ndizo zinazotuunguza. Mwenye mashine asiyeweza kukwambia nanomita zake ni ngapi, usimpe uso.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma mliyoandika. Aliyeuliza kuhusu krimu ya jua kuacha weupe kama unga wa muhogo: tafuta yenye rangi ya kahawia ndani, ile ya oksidi ya chuma, SPF 30 kwenda juu. Haikuachi mweupe, tena inakinga na madoa. Aliyeuliza kama asidi zote ni mbaya: hapana, asidi ya azelaiki ya 15% madaktari wanaiandika kwa rosasea hii hii, na hata mjamzito anaweza kuipata, wakati doksisaiklini yeye haimfai. Lakini ianze kwa daktari.

Mwenye saluni naye amepiga simu. Ananipa huduma nyingine ya bure ili nifute uzi huu. Nimemjibu kwamba nataka dola zangu 40 na nataka lebo kwenye vikopo vyake. Amekata.

Na msichana mmoja anayefanya kazi saluni, sitasema ipi, ameniandikia faraghani. Amenitumia picha ya tyubu akiuliza kama ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo. Anasema wanampa kama sehemu ya mshahara, na yeye mwenyewe anaipaka usoni kila usiku tangu mwaka jana. Nimemwambia asiiache ghafla peke yake, aende kwanza kwa daktari. Jumanne tunakwenda wote wawili.