Mbio za punda pwani: fimbo tuikataze kabisa au tuhesabu?

Dau la Matemwe anauliza:

Assalaam aleikum jamaa. Kamati ya vijana inaandaa mbio za punda Idi pili, hii ya el Fitri, pwani, mita 800, punda 10. Zawadi ni ya fedha, na hiyo ndiyo inayoleta mikiki. Nusu ya kamati wanataka bakora na henzirani zisionekane kabisa. Nusu wanasema kila mpandaji aruhusiwe fimbo tano, asizidishe. Wapo na wanaoshikilia kuwa punda bila ya fimbo haendi. Wenye ujuzi naomba mtueleze, kipi kinatekelezeka, na kanuni iandikweje isije ikavunjwa siku ile ile?

MifugoWete anajibu:

Waaleikum salaam. Ikatazeni kabisa. Kuhesabu kunataka vitu ambavyo pwani hamtakuwa navyo.

Tazama Uingereza, waliochagua njia hiyo ya kuhesabu. Tangu 2023 mpandaji wa farasi anaruhusiwa fimbo 6 katika mbio za uwanja tambarare na 7 katika mbio za kuruka vizuizi. Fimbo yenyewe imefunikwa kwa sponji, urefu na unene wake umewekewa kipimo, na kila mbio zinapitiwa tena kwenye kamera na waamuzi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Pamoja na hayo yote bado watu wanazidisha. Nyinyi mtakuwa na punda 10, vumbi la mchanga, na watoto wanapiga kelele. Nani atasema ile ilikuwa ya tano au ya sita? Mtagombana hadi magharibi.

La pili ni adhabu. Kabla ya 2023 mpandaji aliyezidisha kule alifungiwa siku kadhaa lakini farasi alibaki na ushindi. Mwaka 2011 farasi Ballabriggs alishinda Grand National, mbio kubwa za kuruka vizuizi, mpandaji wake Jason Maguire akafungiwa siku 5 kwa kupiga kupita kiasi, na ushindi ukabaki palepale. Kwa hesabu ya mwenye farasi, kupiga kulikuwa na faida. Sasa anayezidisha fimbo 4 au zaidi juu ya kikomo, farasi wake anaondolewa. Kwenu adhabu ianzie hapo hapo: zawadi iondoke. Mkimfungia kijana mwaka mmoja na fedha akabaki nazo mwenye punda, mwakani ataletwa kijana mwengine na bakora ile ile.

Norway wamekataza kumpiga farasi ili aongeze kasi tangu 1982, na mbio zao zinaendelea.

Ama hilo la kuwa bila ya fimbo haendi: mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, McGreevy na Evans, walipima kasi ya farasi vipande vipande vya mita 200. Farasi walikuwa na kasi kubwa zaidi kati ya mita 600 na 400 kabla ya kumaliza, na hapo hakuna aliyepigwa. Fimbo zilikuja mita 400 za mwisho, nao wakawa tayari wanapungua kwa kuchoka. Anayepigwa pale ni mnyama ambaye nguvu zimeshamwishia.

Na punda si farasi. Farasi akishtuka hukimbia. Punda akishtuka mara nyingi husimama kwanza apime hatari. Ukimpiga wakati huo umemthibitishia kuwa mbele kuna jambo, akazidi kukaza miguu, ukazidi kupiga. Watu husema "mkaidi". Tena maumivu huyaficha, hapigi kelele wala hachechemei mpaka hali imekuwa mbaya, kwa hivyo msingoje alie ndipo mwamini kuwa anaumia.

Fundi Shogi anajibu:

Naongeza upande wa kumwendesha, maana kukataza fimbo bila ya kumfundisha mpandaji la kufanya ni kumwacha atafute hila.

Anzeni wiki tatu kabla, dakika 20 asubuhi, siku tano kwa wiki. Mpandaji atoe sauti moja tu, ile ile kila siku, halafu abane kwa mashavu ya miguu. Punda akinyanyua hatua moja, aachie hapo hapo. Huko kuachia ndiko anakojifunza. Wengi hukosea hapa: wanaendelea kupiga visigino na punda ameshaanza kwenda, basi hajui alichotakiwa, na baada ya siku chache mbavu zimekufa ganzi, haitikii tena. Akikataa, mpandaji asiongeze nguvu. Mtangulizeni punda mwenzake anayemjua hatua tano mbele, atamfuata.

Mstari wa kumalizia uwekeni upande wa nyumbani kwao, na punda wawili watatu wanaofahamiana nao wafungwe mbele yake, mita 30 hivi, kivulini, wenye majani na maji. Punda anakwenda kwa wenzake kwa hamu. Mkielekeza mbio kinyume, watu watahitaji fimbo hata kuanza.

Lijamu la waya msilikubali hata moja. Hatamu ya kamba laini isiyopita kinywani, yenye kigwe kila upande, inatosha kumgeuza punda aliyefundishwa. Vigwe vishonwe pamoja viwe duara, visiwe na ncha inayoning'inia. Ncha ya kamba ndiyo fimbo ya kwanza watakayoibuni.

Nahodha Mkoani anajibu:

Nakubaliana na mengi, ila kuna suala la usalama. Punda akielekea kwa watoto mpandaji hana kitu mkononi. Si bora kila mmoja awe na fimbo fupi iliyofungwa kitambaa, ya dharura tu?

MifugoWete anajibu:

Nahodha, hoja yako naiheshimu, na Uingereza walikuwa na wasiwasi huo huo. Lakini wanazo mbio za vijana wanaojifunza ambamo fimbo inabebwa lakini hairuhusiwi kutumiwa kwa kuongeza kasi. Watafiti walilinganisha mbio hizo na za kawaida katika utafiti uliotoka 2020, wakaona farasi hawakuyumba zaidi, ajali hazikuzidi, wala muda wa kumaliza haukubadilika. Kwa mbio za kijiji fimbo ya dharura itakuwa ya dharura mita 700, na mia za mwisho sote tunajua. Watoto walindwe kwa kamba iliyofungwa mita 5 kutoka njia, na watu wazima wasimame nayo.

Sasa ukaguzi. Asubuhi, kabla ya matandiko kuwekwa:

Meno. Yale ya pembeni ya mbele hubadilika akiwa na miaka minne na nusu hivi. Kama bado ni ya maziwa, huyo ni mdogo, arudi nyumbani.

Ngozi. Pitisha kiganja kinyume na manyoya yanavyolala, mgongoni, mbavuni, mapajani na chini ya mkia. Kidonda, uvimbe au alama ya zamani ya fimbo iandikwe na ipigwe picha, ili baada ya mbio isisemwe "hii ilikuwepo".

Moyo. Tia vidole kwenye mshipa chini ya taya, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Punda mzima aliyepumzika huwa 36 hadi 52 kwa dakika. Joto 36.5 hadi 37.8.

Mpandaji na tandiko wasizidi kilo 50. Chukueni mizani ya karafuu au ya mwani, haikosekani.

Baada ya mbio kagueni ngozi mara mbili: papo hapo, na baada ya nusu saa, kwa sababu mfuo wa fimbo huchelewa kuvimba. Zawadi isitolewe kabla ya ukaguzi wa pili. Na moyo baada ya hiyo nusu saa ukiwa bado mbali na ule wa asubuhi, aitwe mtaalamu wa mifugo, asirudi nyumbani kwa miguu.

Dau la Matemwe:

Shukrani sana. Na saa? Kamati ilipanga saa kumi jioni.

Fundi Shogi:

Tazameni maji kwanza. Idi el Fitri iko karibu na mwezi mwandamo, kwa hivyo ni bamvua, yaani maji hujaa na kukupwa kupita kawaida, na bamvua maji hujaa karibu saa kumi. Mtabakiwa na mchanga mkavu wa juu, punda anazama hadi kwenye kifundo. Yanakupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, ila jua nalo limeshapanda. Anzeni saa mbili na nusu, maji yanatoka, mchanga ni mgumu na upepo upo.

MifugoWete:

Kanuni iandikeni hivi: "Ni marufuku kumpiga, kumchoma, kumsokota sikio au kumvuta mkia punda, kwa kitu chochote au kwa mkono, tangu anapoletwa uwanjani hadi ukaguzi wa pili. Mara moja tu, punda ametoka na zawadi inakwenda kwa anayefuata." Mwenye punda atie saini, si mpandaji peke yake.

Nisisahau mstari wa kuanzia. Hapo ndipo jamaa wa mwenye punda humtwanga kwa nyuma na mpandaji akasema "si mimi". Kila punda awe na msaidizi mmoja, mikono mitupu, anashika hatamu kwa mbele. Nyuma ya punda asisimame mtu.