Chumba cha tornado Oklahoma au ghorofa ya Bamburi: naomba ushauri

Bint Kisauni

Assalaam aleikum jamaa zangu. Nina swali la kifamilia lililonikosesha usingizi. Mdogo wangu wa kiume anaishi Moore, mji ulio kusini tu ya Oklahoma City nchini Marekani, pamoja na mkewe na watoto watatu, na mama yetu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kushuka ngazi bila kushikwa mkono, huenda kukaa nao kuanzia Machi hadi Julai. Huyu mdogo wetu ndiye anayetoa sehemu kubwa ya fedha za kumalizia ghorofa ya nyumba ya familia iliyoko Bamburi. Sasa ametuandikia kwamba angependa kusimamisha mchango huo kwa muda ili ajenge nyumbani kwake chumba cha kujikinga na tornado, ule upepo mkali wa kuzunguka unaobomoa nyumba, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, ameniachia neno la mwisho.

Mama mwenyewe amecheka. Anasema pepo za chamchela amezijua tangu utotoni, huzoa vumbi uwanjani, huangusha kanga kambani, kisha hupita zikaenda zake, na kwamba kutumia maelfu ya dola kwa chumba ambacho huenda kisifunguliwe mwaka mzima ni israfu. Wadogo zangu wengine wanamuunga mkono, ingawa nashuku wao wanaitazama zaidi ile ghorofa. Mimi sitaki kuamua kwa kuujua upepo wa Mombasa pekee. Je, hatari hiyo ni kubwa kiasi hicho? Na kama ni kubwa, chumba hicho kitamfaa nini mzee asiyeweza kukimbia?

Msafiri wa Tudor

Wa aleikum salaam dada. Niliishi Wichita, jimbo la Kansas, kwa miaka tisa. Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba chamchela na tornado zinafanana kwa kuzunguka tu. Chamchela huinuka kutoka kwenye ardhi iliyochomwa na jua, siku isiyo na wingu, ilhali tornado hushuka kutoka katika wingu kubwa la radi ambalo lenyewe linazunguka. Uwanda ule wa katikati ya Marekani hukutanisha hewa yenye unyevu inayotoka Ghuba ya Mexico na hewa kavu inayotoka magharibi, hasa miezi ya Aprili, Mei na Juni. Yaani mama huenda kule katika msimu wenyewe.

Tena Moore ina historia yake. Tarehe 3 Mei 1999 ilipigwa na tornado ya daraja la juu kabisa, ambayo rada iliupima upepo wake kuwa zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Tarehe 20 Mei 2013 ikapigwa na nyingine ya daraja hilo hilo, wakafa watu 24, wakiwemo watoto saba katika shule moja ya msingi ambayo haikuwa na chumba cha kujikinga. Hiyo ya 2013 iligusa ardhi saa tisa kasoro dakika nne mchana, ambayo kwetu Mombasa ni saa tano kasoro dakika nne usiku, na tahadhari ilikuwa imetolewa dakika 16 tu kabla. Nyumba nyingi za huko ni za mbao, zimesimamishwa moja kwa moja juu ya slebu ya zege, na ni chache zenye chumba cha chini ya ardhi. Asiye na mahali maalumu hujibana bafuni, katikati ya nyumba, mbali na madirisha, akajifunika godoro. Kwa tornado ndogo hilo hutosha. Kwa hizo mbili nilizozitaja, zipo nyumba zilizobaki slebu tupu.

Mvuvi wa Likoni

Nitapingana kidogo na ndugu yangu wa Tudor. Marekani hupata tornado zaidi ya 1,000 kila mwaka, lakini nyingi ni dhaifu na hudumu dakika chache, na hata hiyo ya Moore ya mwaka 2013 ilikuwa na upana wa kilomita 1.7 pale ilipokuwa pana zaidi, kwa hiyo waliokuwa kilomita tano kando walibaki na vikombe vyao kabatini. Uwezekano wa nyumba moja maalumu kupigwa ni mdogo mno. Anunue redio ya tahadhari na kofia ngumu za watoto, na siku ya hatari wapande gari waondoke. Ghorofa ya Bamburi italeta kodi kila mwezi.

Msafiri wa Tudor

Uwezekano ni mdogo, nakubali, lakini hilo la gari silikubali hata kidogo. Siku 11 baada ya ile ya Moore, tarehe 31 Mei 2013, tornado yenye upana wa kilomita nne ilizuka El Reno, magharibi ya Oklahoma City, ikabadilisha mwelekeo na mwendo ghafla, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo watafiti wa dhoruba wenye uzoefu wa miaka mingi, ndani ya gari lao. Wakazi wengi wa jiji waliingia barabarani kukimbia, wakakwama. Wewe unayeijua foleni ya feri jioni, fikiria upo humo na wingu lile linakuja nyuma yako. Usiku huo huo wapo waliojificha ndani ya mitaro ya maji ya mvua, wakafa maji.

Fundi Mstaafu

Binti yangu, nimejenga Pwani hii zaidi ya miaka thelathini, na mwongozo wa FEMA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maafa, niliusoma kwa hamu tu ya ufundi. Mjadala wa kama tornado itapita mtaa ule au haitapita hautakwisha. Muulizeni huyo kijana maswali ya ujenzi.

Kinachoua zaidi ni vile vitu ambavyo upepo huvirusha. Ndiyo maana chumba kinachofuata mwongozo huo husanifiwa kustahimili upepo wa kilomita 402 kwa saa, na kuta na mlango wake hujaribiwa kwa kupigwa na ubao wa kilo 6.8 unaorushwa kwa mwendo wa kilomita 161 kwa saa. Chuo Kikuu cha Texas Tech kimefanya majaribio ya namna hiyo kwa miaka mingi, mjini Lubbock, mji ambao nao ulipigwa mwaka 1970. Mlango ndipo watu wanapodanganyika: mtu huweka kuta za chuma, au za matofali yaliyojazwa zege na nondo, kisha akatia mlango wa kawaida wenye komeo moja, na kazi yote ikawa bure. Mlango, fremu, bawaba na makomeo vinunuliwe kama kitu kimoja kilichojaribiwa pamoja.

Sasa magoti ya mama. Sanduku la chuma linalozikwa chini ya sakafu ya gereji hupendwa huko kwa sababu halichukui nafasi, lakini hushukiwa kwa ngazi yenye mwinuko mkali, na huweza kuingia maji. Chumba cha juu ya ardhi, kilichofungwa kwa boliti kwenye slebu, kikijengwa sawasawa nacho hulinda, na mama ataingia kwa miguu yake. Mwambie apime kwa saa muda wa mama kutoka kitandani hadi ndani, usiku, taa zimezimwa. Ukizidi dakika tatu, mimi ningekihamisha. Slebu ikaguliwe kwanza, maana ikiwa nyembamba boliti zitang'oka nayo. Kisha aandikishe chumba kwa mamlaka ya mji ili waokoaji wajue pa kufukua. Jimbo la Oklahoma lina mpango uitwao SoonerSafe, unaorudisha sehemu ya gharama kwa wenye nyumba wanaochaguliwa kwa kura. Aombe kabla ya kujenga.

Na akiambiwa nyumba yake ni mpya, haina haja ya chumba, asikubali haraka. Mwaka 2014 Moore iliweka sharti kwamba nyumba mpya zistahimili upepo wa kilomita 217 kwa saa, jambo jema kwa paa, lakini ulinganishe na ile 402.

Bint Kisauni

Nawashukuru sana, hata wewe ndugu wa Likoni. Nimempa ruhusa ajenge, kwa sharti kiwe cha juu ya ardhi, na mlango utokee upande wa chumba cha mama. Ghorofa itasimama ilipofika hadi Januari, na wadogo zangu wamenuna. Mama hakubishana nilipomsomea habari za ile shule. Ameuliza tu kama ndani kutakuwa na nafasi ya kiti chake.

Fundi Mstaafu

Kiti kiingizwe mwezi wa Machi kikae humo humo, kisiwe cha kutafutwa wakati king'ora kinalia. Na kule Bamburi, nondo zilizobaki wazi mzipake uji wa simiti wiki hii, kwani hewa ya chumvi haitasubiri hadi Januari.