Silki, pekin, serama au kienyeji: kuku gani mdogo wa kufuga uani kwa mayai, nyama na watoto?

Mama Wawili (Goba)
Wakuu habari za jioni. Msaada tutani kabla sijatoa hela. Nina ua mdogo nyuma ya nyumba, banda la mbao fundi kashalimaliza, linaingiza kuku kama kumi bila kubanana. Nataka kuku wadogo wasionichimbulia bustani yote, watoto waweze kuwashika, mayai ya nyumbani yapatikane, na sikukuu mmoja mmoja achinjwe. Kuna muuzaji kanionyesha silki weupe, wale wenye manyoya laini kama pamba, moyo umeshadondoka. Jirani ananicheka, anasema nichukue kienyeji niache ulimbukeni. Mwingine kasema pekin, mwingine serama. Waliowahi kuwafuga, nani ananifaa? Bei nimeshatajiwa, nyie nipeni ukweli mwingine.

Baba Kanga (Kibaha)
Dada, umetaja kazi tatu, na hakuna kuku mdogo wa urembo anayezifanya zote tatu vizuri. Panga ipi ya kwanza. Kama ni watoto, funga mjadala, chukua silki. Hana purukushani, haruki, ukimpakata anatulia hadi anasinzia. Uzio wa kimo cha magoti unamtosha kumzuia. Sasa hilo hilo ndilo tatizo lake: mwewe akishuka, silki hana pa kwenda. Kile kishungi kinamziba macho, wala haoni kivuli kinakuja. Mimi wangu nawapunguzia manyoya ya juu ya macho kwa mkasi, na sehemu ya kutembelea nimeiezeka kwa wavu wa samaki uliochakaa.

Mayai: silki mzuri anataga 100 hadi 120 kwa mwaka, tena madogo, ya rangi ya maziwa. Matatu yake ni kama mawili ya kuku wa kisasa. Na hayo 100 ni kama atakubali kutaga, maana kazi anayoipenda ni kuatamia. Anataga kidogo, anaganda kwenye kiota. Ukimtolea mayai anaatamia maranda. Mimi nafuga silki kwa sababu hiyo tu. Nawawekea mayai ya kanga, ya bata, hata ya kware, wanatotoa na kulea bila ubaguzi. Umeme ukikatika, mashine ya jirani inalala, silki wangu hana habari.

Jogoo la Shamba
Nyama je? Mbona hujamwambia kuhusu nyama, Baba Kanga? 😂 Dada, ukimnyonyoa silki chini ya yale manyoya meupe unakuta ngozi nyeusi tii. Mifupa nayo nyeusi. Sisi tulimchinja mmoja Pasaka, mama mkwe akafunua sufuria, akafunika tena, akauliza kwa upole kama kuna maharage. Hakuna aliyegusa isipokuwa mimi. Ladha ni ya kuku tu, nyama ni kidogo na haina mafuta. Ila kwa watu wetu kuku mweusi mawazo yanakwenda kwa mganga moja kwa moja. Kwa nyama chukua chotara, kuku wa mchanganyiko kama Sasso au Kuroiler, acha mchezo.

Mzigo Guangzhou
Nimekaa Guangzhou miaka ya kutosha kwa biashara, nicheke kidogo hapo. Kule kuku huyo mwenye ngozi nyeusi anapangwa sokoni na kwenye supamaketi, na wengine wanampenda kuliko kuku wa kawaida. Hakaangwi. Anachemshwa taratibu na tangawizi na viungo vyao vya dawa, supu hiyo wanapewa sana wanawake waliotoka kujifungua. Kwa hiyo kama mtaani kwenu kuna mgahawa wa Kichina, ulizia kwanza kabla hujasema nyama yake haina soko. Ila usimtie kwenye pilau, hapo nakubaliana na mama mkwe.

Bint Nyali (Mombasa)
Salaam. Mie nimefuga pekin na serama, silki nimewaona kwa shoga yangu. Pekin ni kadogo, kamejaa manyoya mpaka vidoleni, kanatembea kama mpira unaobingirika. Mpole, mayai yake takriban sawa na ya silki kwa idadi ila ni madogo zaidi, na yeye pia anapenda kuatamia. Taabu ni miguu hiyo yenye manyoya. Huku kwetu mvua za masika, tope linagandamana, utitiri unajificha humo, wende ukimuosha na kumkausha kila mara. Silki naye manyoya yake hayashikani kama ya kuku wengine, maji yanapenya hadi ngozini. Akilowa jioni na akalala vivyo hivyo, asubuhi usishangae. Nyote mnaofuga hawa, hakikisheni paa halivuji na sakafu ni kavu.

Serama asili yake Malaysia, wengi hawafiki nusu kilo. Jogoo anasimama kifua mbele kama askari wa gwaride, raha kumtazama. Lakini mayai yake ni ya kuchezea tu, na nyama usiniulize. Halafu ni kadogo mno, mtoto wa miaka mitatu akimbana kwa mapenzi anaweza kumuumiza. Wanao wana umri gani?

Mama Wawili (Goba)
Asanteni sana. Watoto wana miaka tisa na sita. Serama basi nimemwondoa. Sasa swali: nikichanganya silki na kienyeji kwenye banda moja? Kienyeji wanipe mayai na nyama, silki wawe wa watoto. Na jogoo wa silki akipanda tetea wa kienyeji si nitapata vifaranga wenye manyoya ya pamba lakini miili mikubwa?

Mzee Maranda (Morogoro)
Binti, nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, nisikilize hapo kwenye banda moja. Silki wengi fuvu lao limeinuka juu, na chini ya kile kishungi mfupa haujaziba vizuri. Kienyeji akimdonoa kichwani kwa kugombea chakula, anaweza kumjeruhi ubongo. Utamkuta anazungusha shingo, anarudi kinyumenyume, utadhani ni kideri, ule ugonjwa wa mdondo, kumbe ni mdomo wa mwenzake. Watenge kwa wavu, vyombo vya chakula viwe viwili. Kuchi ndiyo usithubutu kabisa kumweka nao, yule ni mgomvi wa kuzaliwa.

Kulala pia wanatofautiana. Kienyeji atatafuta kichanja cha juu. Silki hawezi kuruka, anajibanza chini na wenzake, lundo moja pembeni. Mpe ubao mpana wa chini na maranda makavu, ubadilishe kila yakishika unyevu.

Chanjo: kideri hakichagui urembo. Ile ya tone moja jichoni, ya I-2, rudia kila baada ya miezi mitatu, nenda na majirani zako siku moja ili chupa isiharibike bure. Ndui nayo, kwenye bawa, hasa kabla ya kipindi cha mbu wengi. Ila kwa silki ugonjwa ninaouogopa zaidi ni mahepe (Marek's). Mguu mmoja unakwenda mbele, mwingine nyuma, bawa linaning'inia, anakonda huku anakula. Hauna tiba, na silki wanaugua kwa urahisi kuliko kuku wengi.

Baba Kanga (Kibaha)
Kuhusu kupandisha: hutapata pamba. Yale manyoya yanahitaji kurithiwa kwa baba na mama. Kizazi cha kwanza wote watatoka na manyoya ya kawaida. Ukiwapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, karibu robo ya vifaranga ndio watarudi kuwa na pamba. Lakini usiwadharau hao wa kwanza, wanakuwa koo wazuri ajabu. Mwili una nafasi ya mayai mengi kuliko silki, tabia ya kuatamia wanayo. Hata Uingereza wafugaji wanachanganya silki na kuku wa aina ya Sussex kwa makusudi hayo hayo.

Ningekuwa wewe: tetea watatu wa silki, jogoo hapana, na tetea wanne au watano wa chotara upande wa pili wa wavu. Mayai ya kila siku yatoke kwa chotara. Ukitaka vifaranga, tafuta mayai yaliyorutubishwa kwa mwenye jogoo, umpe silki matano hadi saba, usizidishe, hataweza kuyafunika.

Jogoo la Shamba
Na akiganda kiotani huna mayai ya kumpa? Wangu wanakataa hata kula.

Baba Kanga (Kibaha)
Mtoe, muweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, upepo upite chini ya tumbo. Maji na chakula vya kutosha, maranda hapana. Siku chache joto linamtoka, anarudi kwenye mstari.

Mama Wawili (Goba)
Nimeelewa. Naenda Jumamosi kuchukua tetea watatu wa silki, chotara nitawatafuta baadaye. Nitajuaje kama ni silki kweli? Muuzaji ana vifaranga na wakubwa.

Mzee Maranda (Morogoro)
Hesabu vidole. Silki halisi ana vitano kila mguu, kuku wengi wana vinne. Tenganisha manyoya kifuani uone ngozi, iwe nyeusi yenye kuelekea buluu. Upanga wake wa kichwani haujachongoka meno, umevimbavimba. Chukua waliokwisha kukua hadi uwajue tetea na jogoo, maana silki wakiwa wadogo hata sisi tunabahatisha.

Kisha muulize chanjo ya mahepe ilitolewa lini. Inatolewa kifaranga akiwa wa siku moja. Akikujibu aliwachanja mwezi uliopita na wana miezi minne, nunua kwa mwingine.