Bibi kaanguka jikoni kavunjika nyonga, mimi nilidondoka kwenye mawe nikachubuka tu. Inakuwaje?

Mjukuu_wa_Igogo
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnieleweshe maana hapa nyumbani kila mtu ana lake. Bibi yangu ana miaka 78, anakaa huku Igogo, Mwanza, mlimani juu kabisa, wanaopajua wanajua, kushuka barabarani ni mawe mwanzo mwisho na mvua ikipiga hata mbuzi wanateleza. Miaka yote anapanda na kushuka hajawahi kuanguka. Sasa wiki tano zilizopita yuko jikoni, sakafu kavu, kasimama zake, akageuka kuchukua mfuniko wa sufuria, akaenda chini ubavu wa kushoto. Basi. Eksirei ikaonyesha shingo ya mfupa wa paja, pale kwenye nyonga, imekatika. Upasuaji kashafanyiwa na namshukuru Mungu anaendelea vizuri.

Kinachonisumbua ni kwamba mimi mwaka juzi niliteleza kwenye hayohayo mawe nikashuka kama mita mbili nikaishia kuchubuka viganja na magoti, halafu yeye kaanguka kwa kimo chake tu na ni mfupi kweli. Shangazi anasema mfupa ulivunjika wenyewe kwanza ndo akaanguka, mjomba anasema kuna mkono wa mtu. Wenye ujuzi karibuni.

Sangara_Mkavu
Mkono wa mtu wapi asee, ni umri tu huo. Mifupa ya wazee imekwisha, ukiigusa imevunjika. Mpeni dagaa na maziwa.

Fizio_Pasiansi
Mkuu pole sana, mpe bibi salamu. Mimi ni fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi), wazee wa nyonga ndo mkate wangu wa kila siku kwa hiyo nivumilie nikiandika ndefu.

Jibu lako umeshaliandika mwenyewe: umesema uliishia kuchubuka viganja na magoti. Yaani ulipoteleza mikono ilitangulia, magoti yakafuata, mzigo ukagawanyika sehemu nne. Bibi kaenda ubavu. Mtu akiangukia ubavu, kinachopokea ni ule mfupa unaojitokeza pembeni ya nyonga, jipapase hapo utausikia, una ngozi na nyama kidogo tu juu yake. Kuanguka kwa ubavu kunazidisha hatari ya kuvunjika nyonga kama mara sita ukilinganisha na mianguko mingine. Kwa hiyo kabla hujauliza kaanguka kutoka juu kiasi gani, uliza kaangukia wapi.

Na hicho kimo chake usikidharau. Tuchukue bibi wa kilo 50, nyonga inashuka kama sentimita 70 hadi sakafuni, piga hesabu inakuja joule (kipimo cha nishati) 340 na kitu. Hiyo ni sawa na ndoo ya lita 20 imejaa maji inadondoka kutoka urefu wa mtu mrefu. Kijana akidondoka nguvu hiyo inaliwa njiani na mikono, magoti na misuli ya mapaja inayokaza ili ashuke taratibu. Mzee misuli imepungua, na tangu ayumbe mpaka atue haifiki sekunde nzima, mkono unapoanza kunyooka yeye yuko chini tayari.

Halafu kuna jambo huwa linanishangaza mpaka leo. Shingo ya mfupa wa paja imekaa kama tawi lililotoka pembeni ya mti. Ukisimama au ukitembea, upande wa chini wa hilo tawi ndo unabanwa na mzigo, kwa hiyo unabaki mnene mpaka uzeeni. Upande wa juu haupati kazi hiyo, na mfupa usiopata kazi unazidi kuwa mwembamba. Sasa akiangukia ubavu mambo yanapinduka, ule upande wa juu mwembamba ndo unabanwa ghafla. Mzee anaweza kupanda mawe ya Igogo miaka 40 na hayo mawe hayakuuandaa ule upande hata kidogo.

Shangazi yako hakukosea kabisa, kuna wachache mfupa unaachia wenyewe, ila zaidi ya asilimia 90 ya nyonga zinazovunjika chanzo ni kuanguka. Mjomba namwachia mjomba.

Sangara_Mkavu
Hapo fizio umenifunga mdomo kidogo lakini nina swali, mbona mama mkwe wangu anaanguka kila msimu wa mvua na hajavunjika kitu?

Fizio_Pasiansi
Ndo kawaida mkuu, kwa wazee mianguko inayovunja nyonga ni kama 1 au 2 tu katika 100. Na mama mkwe (usimwambie nimesema) kama ana mwili mwili, ile nyama ya nyonga inamsaidia, ni godoro lake. Wakonda ndo wa kuwaangalia sana. Ila kuanguka kila msimu siyo kitu cha kuzoea, apimwe presha akiwa amelala na akisimama, dawa zake ziangaliwe, hasa za usingizi, na macho pia.

Na kuhusu jikoni, Canada kuna watafiti wakiongozwa na Robinovitch waliweka kamera kwenye makazi ya wazee wakanasa mianguko 227, majibu yakatoka 2013. Watu walidhani wazee wanajikwaa au wanateleza. Kumbe sababu iliyoongoza, asilimia 41, ni kuhamisha uzito vibaya: kugeuka, kuinama, kunyoosha mkono achukue kitu. Kujikwaa kulikuwa asilimia 21. Kwa hiyo bibi na mfuniko wake wala siyo ajabu, kwenye mawe alikuwa makini, jikoni akili ilikuwa kwenye sufuria.

Binti_Nansio
Naongeza moja kwa uchungu. Mama yetu alianguka uani usiku akienda choo, sisi tukasema kateguka, akaletwa mtu wa kukanda siku nne. Mguu ulikuwa umefupika na unyayo umelalia nje, tunauona kabisa ila hatukujua maana yake. Mpaka tunavuka na kivuko kuja Mwanza vidonda vya mgongoni vimeshaanza. Mkiona mguu mfupi na vidole vinaangalia nje msikande, msimsimamishe, mpelekeni.

Fizio_Pasiansi
Kweli kabisa dada, pole. Upasuaji unatakiwa ndani ya siku mbili ikiwezekana, kinachowamaliza wengi ni kulala: nimonia, vidonda, damu kuganda.

Mjukuu_wa_Igogo
Asanteni sana wakuu, nimemsomea shangazi yote kanyamaza. Nimehamisha sufuria na vifuniko usawa wa kiuno, kandambili nimetupa, usiku tumempa ndoo chumbani japo kanuna. Mkongojo anashika mkono wa kushoto, upande wa mguu mbovu, ni sawa?

Fizio_Pasiansi
Hapana, ashike kulia. Fimbo inakaa mkono wa upande mzima na inatangulia pamoja na mguu mbovu, hapo ndo nyonga inapumua.

Mjukuu_wa_Igogo
Nimemwambia. Anauliza akishika kulia watu atawasalimiaje, na kweli kila jirani akipita anahamishia fimbo kushoto ampe mkono wa kulia.

Fizio_Pasiansi
😂 Hapohapo ndo ataanguka tena. Mwambie akae kwanza, wamfuate alipo wampe shikamoo.