Nifungashe programu kwa zip au tar.zst? Naomba ushauri

mjenzi_kodi: Habari zenu wakuu. Natengeneza zana ndogo ya kufungasha programu zetu kwa Python: inachukua folda, inaibana iwe faili moja, seva inaligawa kwa mashine za Linux na Windows. Nilianza na zip. Shida ni kwamba skripti zikifika Linux hazina tena ruhusa ya kuendeshwa, na nikijenga mara mbili kutoka kodi ileile, SHA-256 (alama inayotokana na baiti za faili) hazifanani. Pia zana lazima isome faili la maelezo (jina, toleo, vitegemezi) bila kufungua kifurushi kizima. Nihamie tar.zst, yaani tar ya kukusanya mafaili na zstd ya kuyabana?

biti_moja: Hamia, tena haraka. Ruhusa, wamiliki, simlinki (viungo vinavyoelekeza faili jingine), tar inabeba vyote. Na zstd haina mpinzani kwenye kufungua: Arch Linux walipoacha xz (mbano mwingine) mwishoni mwa 2019, vifurushi vyao kwa jumla viliongezeka 0.8% hivi, lakini kufungua kukawa haraka zaidi ya mara kumi.

mkia_wa_zip: Taratibu mkuu, umeruka sharti lake la mwisho. Tar haina orodha. Kila faili lina kichwa chake cha baiti 512, ukitaka la mwisho unapita yote, na ikishabanwa huwezi hata kuruka. Zip orodha yake iko mwishoni: unasoma mkia, unajua maelezo yako wapi, unayafuata. Wheel za Python na jar za Java (vifurushi vya lugha hizo) ni zip. Seva ikikubali kutoa kipande cha faili, hupakui hata kifurushi kizima.

Ruhusa nazo zip inazibeba, kwenye biti 16 za juu za `external_attr`. Tatizo ni `extractall` ya `zipfile` (maktaba ya zip ya Python), haizirudishi. Ukishafungua, zisome kwa `info.external_attr >> 16` uziweke mwenyewe kwa `os.chmod`.

mjenzi_kodi: Aisee, kumbe. `unzip` ilikuwa inazirudisha, nikadhani Python ina hitilafu. Na SHA-256 je?

biti_moja: Hilo hata tar ingekusumbua. Saa za mafaili zinaingia ndani, na mpangilio ni ule diski iliotoa siku hiyo. Kwa GNU tar:

`tar --sort=name --mtime=@1700000000 --owner=0 --group=0 --numeric-owner`

Kwenye zip panga majina mwenyewe na ubandike tarehe moja kote. Isiwe 1970! Kwa zip dunia ilianza 1980, na `zipfile` itakugomea. Toleo la maktaba ya kubana nalo usilibadilishe hovyo, baiti zinazotoka zinaweza kubadilika.

funga_nje: Mnabishania kitu ambacho conda (zana ya kusimamia vifurushi) walishakimaliza. Faili la `.conda` ni zip kwa nje, ndani kuna tar.zst mbili: moja ya maelezo, nyingine ya mzigo wenyewe. Unaruka kwa orodha ya zip, unapata maelezo madogo, na ruhusa zinalindwa na tar. Deb (kifurushi cha Debian) nayo ina mgawanyo kama huo, ila kwa nje ni ar, muundo mwingine wa kukusanya mafaili.

mkia_wa_zip: Hapo sina ubishi.

mjenzi_kodi: Nakwenda na hiyo. Zip ya nje niibane?

funga_nje: Hapana, tumia `ZIP_STORED`. Kubana kilichokwisha banwa ni kuichosha prosesa bure. Na kabla hujaandika chochote kwenye diski kagua majina: lenye `../` au linaloanza na `/` likatae, simlinki inayotoka nje ya folda vilevile.