Naomba ushauri: meno mawili ya mbele ya binti yangu hayakuota

Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 14, tupo Mbagala. Meno mawili ya juu, yale yanayopakana na makubwa ya mbele, hayakuota; eksirei imeonyesha hayapo kabisa hata ndani ya fizi. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, hata tukiwa wawili tu jikoni. Inaniuma sana.

Daktari mmoja anashauri waya zivute chonge zizibe mapengo, kisha zichongwe na kujazwa zifanane na meno ya mbele. Mwingine anataka mapengo yaachwe, avae ya bandia kwanza, apandikizwe meno taya likishakomaa, kwani jino la kupandikizwa halishuki na mengine anapokua.

Mliopitia hili, chonge zinapendeza kweli? Waya mlikaa nazo muda gani, na mlilipa kwa awamu?