Kabureta ya CG125: ninunue mpya, nifunge ripea kiti, au nichukue ya Honda iliyotumika?

Boda wa Mikanjuni
Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya Kichina ya cc 125, injini ya mtindo wa Honda CG, nabeba abiria kati ya Kange na mjini Tanga. Wiki ya pili hii haishiki sailensi, yaani ule mngurumo wa taratibu nikiwa nimesimama. Ikipata moto inazima nikisimama, na nikipandisha skrubu ya sailensi, nikiachia mkono wa mafuta inabaki inanguruma, inashuka kwa kuchelewa. Juu ya hapo, alfajiri nakuta petroli imelowesha sakafu chini yake.

Nimeuliza mafundi watatu. Wa kwanza kasema nitupe kabureta ninunue mpya. Wa pili, ripea kiti, ile pakiti ya vipuri vidogo vya kabureta, inatosha. Wa tatu ana kabureta ya Honda aliyoitoa kwenye pikipiki iliyokufa. Naomba mnilinganishie, siku pikipiki ikilala ndani na nyumbani jiko halikoki.

Fundi Ngamiani
Mwanangu, hayo ni magonjwa mawili, usiyachanganye. Petroli ya usiku ni nido ya floti, kile kisindano kinachoziba petroli kabureta ikijaa. Itoe, itazame ncha yake juani: ukiona imechimbika duara kama pete, haizibi tena. Hiyo ni kazi ya ripea kiti.

Huko kuchelewa kushuka ni hewa inayoingia pasipo halali, pale kabureta inapopakana na injini. Pana oringi, pete ya mpira, pale na kile kipande cheusi cha kuzuia joto. Washa injini, mwagia maungio maji ya sabuni kidogo kidogo. Mlio ukibadilika, umepapata. Tena kagua uso wa kabureta yenyewe. Vijana wanakaza zile nati mbili kwa nguvu zote mpaka uso unapinda katikati. Tandaza msasa laini juu ya kioo, usugue taratibu kwa kuzungusha, mpaka alama za msasa zienee uso mzima bila kuacha doa.

Kabureta mpya juu ya oringi iliyokufa itakuzimikia Kange vilevile.

Dada wa Spea
Nauza spea, kwa hiyo ningefurahi ununue kabureta, lakini Mzee kasema kweli. Ukija dukani njoo na ile ya zamani mkononi. Wateja wananitajia jina la pikipiki tu, wanarudi kesho nati hazikutani. Tazama kama imeandikwa PZ26 au PZ27, tazama na choki iko upande gani.

Kuhusu ripea kiti za bei rahisi: chukua nido ya floti na gasketi, jeti zako za asili, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli, usizitupe. Nimeshaona jeti mbili zenye namba ileile, ukizielekeza kwenye mwanga matundu hayafanani. Jeti haifi kwa kupitisha petroli, inauawa na waya wa breki anaoitobolea fundi. Loweka kwenye petroli, kisha puliza kwa kompresa ya wajaza upepo, basi.

Boda Muheza
Mimi natofautiana kidogo. Yangu nilifunga ripea kiti mara mbili bila nafuu, kumbe slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mafuta, imelika, inacheza mle ndani mpaka unaisikia ikigonga. Hapo hakuna kiti itakayokusaidia. Nilinunua mpya ya Kichina na hadi leo nipo barabarani. Ila usiifunge ukaondoka kama ilivyotoka kwenye boksi. Yangu ilikuja inakula mafuta, plagi nyeusi masizi matupu. Nikapandisha klipu ya nido ya slaidi, ile sindano inayoning'inia chini yake, hatua moja, nido ikashuka ikabana petroli, plagi ikarudi kahawia.

Mbogamboga Lushoto
Nyongeza kwa wanaopanda huku: Lushoto ni takriban mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Pikipiki iliyowekwa sawa Tanga ikifika huku inazidiwa na petroli. Hiyo si kabureta mbovu, msiinunulie spea.

Boda wa Mikanjuni
Shikamoo Mzee. Na ile skrubu ndogo ya pembeni, ya mchanganyiko wa hewa na petroli, naizungusha vipi?

Fundi Ngamiani
Marahaba. Injini iwe ya moto. Ifunge polepole mpaka igote, usiikaze, ncha yake inavunjika. Ifungue mzunguko mmoja na nusu, halafu tafuta robo kwa robo pale injini inapochangamka zaidi, ndipo ushushe sailensi. Ila angalia imekaa wapi: ikiwa upande wa ea klina (chujio la hewa), kuifungua kunaongeza hewa, ikiwa upande wa injini, kunaongeza petroli. Wengi hukosea hapo.

Boda wa Mikanjuni
Narudisha majibu. Oringi ilikuwa imekauka, nilipoibana kwa kucha ikakatika. Nimeweka mpya, nimesugua uso kwenye kioo kama Mzee alivyosema, na kwenye kiti nimetumia nido ya floti na gasketi tu. Slaidi nimeitikisa kwa kidole, inacheza kidogo sana, haigongi, kwa hiyo kabureta mpya sinunui sasa. Ile ya Honda nimemrudishia mwenyewe: nayo ilikuwa na slaidi inayogonga, nisingeijua bila maelezo ya Boda Muheza.

Sakafu ni kavu siku ya tatu leo. Asubuhi pale Kange nimengoja abiria afunge mzigo wake wa machungwa, injini inaunguruma taratibu muda wote, haikuzima.